Mkwaju

Kwenye bahasha ya kaki ya duka la dawa, Katumba,
kalamu ya bluu iliandika: 1/2 x 1.
Nilikuwa darasa la tatu, msomaji wa nyumba nzima:
barua za ushirika wa chai, risiti za mbolea,
na Zaburi ambazo bibi alizijua kwa moyo
ila alipenda kuzisikia zikipita mdomoni mwangu.

"Soma, mjukuu."
Nikasoma. Moja asubuhi, bibi. Mbili usiku.
Kale kamstari kalikolala kati ya tarakimu
nilidhani kalamu imeteleza.
Baadaye sana nilijifunza kuwa kanaitwa mkwaju,
kama fimbo aliyotembelea bibi.

Siku ya tisa Bibi Tulinagwe alisimama mlangoni
akasema shamba la chai limeiva.
Chai haiivi, bibi, huchumwa mbichi.
"Limeiva. Tazama, njano tupu,
migomba njano, mvua yenyewe yashuka njano kama samli."
Rungwe, mwezi wa tatu, ambapo hata mawe huota majani!
Nikacheka
mpaka alipotapika uji kwenye khanga yake.

Pikipiki ilimbeba katikati ya dereva na mjomba Ambakisye,
mkwaju umefungwa ubavuni kwa mpira,
mimi nimekalia tangi,
ukungu umelala barabarani kama ng'ombe asiye na mwenyewe.

Pale Tukuyu Sista Lugano hakuuliza jina.
Alishika kifundo cha mkono, akatazama saa ya kifuani,
midomo ikahesabu, ikangoja,
ikahesabu.
Thelathini na nne.

"Anakunywa nini huyu?"
Mjomba akatoa bahasha.
Daktari Mwaisumo akamwaga vidonge mezani,
akavisukuma kwa ncha ya kalamu kama mbegu za maharage.
"Vilikuwa thelathini. Vya miezi miwili.
Vimebaki vitatu.
Nani alimsomea?"

Mjomba alitazama dari.
Mimi nilitazama viatu vyangu,
ambavyo sikuwa nimevaa.

Atropini ikaingia mshipani. Moyo ukashtuka,
ukapanda hamsini, ukakaa kidogo,
ukashuka tena kama mgeni aliyesahau kitu bondeni.
Wakamchoma nyingine.
Wakamnywesha mkaa, mweusi, kikombe kizima,
naye akakunja uso: "Hata mwaka wa njaa hatukufika huku."
Mashine ikauchora moyo wake kwenye karatasi ya waridi:
kilima, kilima,
kisha uwanda mrefu
ambao kila mtu chumbani aliuvuka bila kupumua.

Simu ikapigwa Mbeya. Nilisikia upande mmoja tu.
Ndiyo, dijoksini. Ndiyo, tumeikatisha.
Potasiamu, damu imeshachukuliwa.
Ile dawa ya kuinasa? Hatuna.
Na ninyi hamna.
Haya.
Basi tutakesha naye.

Leo mimi ndiye ninayeandika bahasha, dirisha la pili,
na naandika NUSU kwa herufi, kubwa, kila mara,
hata foleni inung'unike.
Vitabu vya dawa nimevisoma vingi.
Hilo la kukesha sijalikuta kwenye orodha ya tiba.

Walikesha. Figo za bibi zilifanya kazi ya kibarua,
tone, tone, kwenye mfuko chini ya kitanda,
na Sista Lugano aliuinua kwenye taa
akaufurahia kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana.
Saa nane, thelathini na nane.
Saa kumi, arobaini na moja.
Mjomba alisinzia na kofia ya pikipiki kichwani.
Mimi nilihesabu pamoja nao, kimoyomoyo,
nikiogopa kuhesabu vibaya tena.

Alfajiri mvua ilipiga bati. Bibi akafumbua macho,
akalitazama dirisha muda mrefu, kilima chote cha chai,
hakusema rangi.
"Ugonile?" akaniuliza. Yeye, mimi.

Jibu lake kila mtoto wa kwetu analijua.
Nikasema, "Bibi, ilikuwa nusu."

Alinyamaza. Kisha akapapasa ukutani,
akaupata mkwaju wake,
akanipa nimshikie.