Kioo cha Pikipiki

Kila jioni, hapa Manyatta,
Akeyo huketi kigodani, miguu juu ya taulo,
nami nashika kioo kilichong'oka kwenye pikipiki ya kijana wetu,
tuzisome nyayo zake.

Siku ile msumari ulipenya kandambili asubuhi.
Akauza omena Kibuye mpaka jua likazama,
akarudi anacheka.
Mjukuu ndiye aliyeuliza:
"Dani, mbona sakafu ina damu?"

Mguu umenyamaza. Sukari imemeza ulimi wake.
Basi mimi ndiye maumivu yake sasa:
napima maji kwa kiwiko,
nakausha katikati ya vidole, kimoja kimoja,
viatu navikung'uta kabla hajavivaa.

"Unanitazama nyayo," asema,
"kuliko ulivyonitazama uso mwaka wa posa."

Kweli, Akeyo.
Geuza kisigino.