Kiputo

Baba alikanda udongo kwa umbo la krisantemu:
kitako cha kiganja kikisukuma, vidole vikizungusha,
mara mia kwa kila donge, tangu kabla sijazaliwa,
kila mkunjo petali,
kila petali hewa kidogo imefukuzwa.

Kiganja cha kulia kiligoma
majira ya baridi nilipotimiza miaka kumi na tisa.
Daktari wa Matsuyama akasema: mishipa, mzee, na umri.
Baba akasema: umri ni wako.

Tukanunua mashine kuukuu
kwa kiwanda cha vigae kilichofilisika.
Ya kijani, yenye kutu mabegani.
Ililetwa na lori la machungwa;
juma zima karakana ilinuka maganda.

Niliifungua mwenyewe, basi najua.
Juu kuna mdomo, unaulisha.
Parafujo nene kama paja inausukuma udongo gizani
hadi kwenye bamba la matundu,
unachanika, unadondoka kama tambi
ndani ya chumba kisicho na kitu.
Nasema kisicho na kitu: pampu imekwisha kunywa hewa,
mshale wa kipimo umelala kushoto kabisa,
na kiputo kilichojificha ndani ya tambi
kinajikuta hakina tena wa kukibana.
Kinavimba.
Kinavimba kwa furaha, masikini,
kikidhani ni uhuru,
kinapasuka, pampu inakimeza.
Parafujo ya pili inayakusanya yale machano,
inayashindilia, inayatoa upande wa pili
marefu, mazito, baridi kama ulimi wa ng'ombe.

Baba alikata kipande kwa waya,
akautazama uso wa mkato chini ya taa,
akitafuta tundu hata la sindano.
Akawasha sigara.
Usiku nilimsikia akilikanda lile donge upya
kwa mkono wa kushoto.

Debe tupu, husemwa, haliachi kuvuma.
Aliyesema hajakaa na ombwe.
Linalovuma ni pampu; utupu wenyewe
umenyamaza, unafanya kazi.

Kila Aprili huja fundi Ikegaya kubadilisha mafuta ya pampu,
na kabla ya chai hatuambii kitu,
baada ya chai hanyamazi.
Ametoka kwenye dawa ya meno:
sufuria la lita mia nane, kifuniko kimekazwa kwa boliti,
mapanga yanakoroga chini ya ombwe,
"la sivyo mngepiga mswaki kwa povu, na povu mmelilipia."
Ametoka kwenye rangi za midomo, ukucha wake bado mwekundu.
Ametoka kwenye gundi ya mabawa ya mitambo ya upepo,
ambako kiputo cha leo
ni ufa wa miaka kumi ijayo, huko juu, pasipofikika na ngazi.
Baba alisikiliza, akimmiminia tena.

Kisha nyonga ikaisha.
Alilala ubavu, kiuno kimekufa ganzi,
kitambaa cha kijani mbele ya uso,
akasikia ng'ng'ng' ndogo, nyuma ya kichwa.
"Hiyo ni pampu."
Muuguzi Miyoshi akainama: ndiyo, mzee,
tunachanganya saruji ya mfupa,
unga na maji yake ndani ya silinda iliyofungwa,
hewa inavutwa nje, isije ikabaki
ndani yako.
"Kipimo kinasoma ngapi?"

Hakuna aliyewahi kuuliza.
Vyombo vilitulia kwenye trei.
Miyoshi akaenda, akatazama, akarudi,
akamsomea namba.

"Haya," alisema baba. "Endeleeni."

Ananisimulia hivyo, nami simwamini nusu.
Ila juzi nilimkuta karakana, amesimama kwa mkongojo,
mkono mmoja juu ya kutu ya mashine inayozunguka,
mwingine nyongani,
ameinamisha kichwa kama anayesubiri simu ipokelewe.
Nikadhani anaumwa.
"Imekohoa," akasema.
"Mwambie Ikegaya asingoje Aprili."