Kizingiti cha Keziya

Kizingiti hiki nilikijenga mimi,
mwaka ule maji ya mvua yalipotafuta njia ya kwenda bwawani
yakaiona sebule ya Keziya Mbeleje.
Matofali matatu kwenda juu, saruji isiyopunjwa.
Alisimama nyuma yangu na mwiko mkononi:
"Ongeza, fundi. Nataka hata nyoka abishe hodi."
Nikaongeza.

Jumatatu nikarudi na nyundo na tindo.

Simu ilisema Ijumaa. Mguu umebaki Jenerali,
mwenye mguu anarudi Hombolo,
na kiti cha magurudumu kinakuja naye.
Upana wake hakuna aliyeujua,
basi Yaledi akaleta toroli la mchanga,
tukampakia mtoto wa Perusi
tukamsukuma mlangoni kama gunia la uwele.
Akakwama. Akacheka.
Tukapima kwa kamba pale alipokwama,
tukaongeza kiganja kimoja,
maana Keziya si mtoto wa Perusi.

Ndani walishika wanakwaya.
Huyu anataka kitanda kielekee dirishani, mama aone zabibu zake;
yule anasema dirisha la Oktoba ni mdomo wa vumbi.
Kitanda kilihama mara tatu, kikarudi kilipokuwa.
Kisha wakaanza kushusha vya juu:
chumvi, kibiriti, redio,
kifuko cha mlenda mkavu kilichoning'inia darini,
kanga ya msumarini, na msumari wenyewe.
Kila kitu kikashuka hadi usawa wa mtu aliyeketi.
Nyumba nzima ikapungua kimo.

Mimi nje, saruji yangu inanikatalia.
Nikamlaani fundi aliyeichanganya.
Watu wakacheka, nami nikacheka,
jasho likinichoma machoni.

Niliingia kunywa maji.
Godoro lilikuwa limetolewa kuanikwa juani,
na juu ya chaga pamebaki daftari.
Nikalifungua. Msiniulize kwa nini.
Nusu ya kijiji imo, kwa penseli, mwandiko wa kulala:
karanga, nauli ya kliniki, sanda.
Na mimi. *Mwaluko, mahindi, madebe mawili,* mwaka wa njaa.
Mbele yake neno moja: *bado.*

Miaka tisa tumesalimiana kisimani.
Hajawahi kunidai, hata kwa jicho.
Lakini hakulifuta neno lile.
Nikalirudisha daftari, upande uleule,
nikatoka kuchanganya zege la mteremko.

Sitasema mteremko ni malipo.
Debe ni debe, mteremko ni mteremko.
Niliulaza taratibu, mtu apande bila kuhema,
nikaukwaruza kwa ufagio gurudumu lisiteleze,
na kabla haujashika
kuku wa jirani akaukata katikati, hana habari.
Yaledi akainua mwiko wa kusawazisha.
Nikamwambia acha.

Siku nne tuliumwagilia kwa zamu,
kila nyumba ndoo moja,
katika mwezi ambao ndoo ya maji
hutazamwa mara mbili kabla ya kumwagwa.

Ijumaa gari likafika jua limeinama.
Kiti kikashushwa. Kilikuwa chembamba kuliko toroli;
kingepita mlango wa zamani na nafasi ikabaki.
Hakuna aliyesema kitu.
Mtoto wa Perusi alitaka kusema, akafinywa.

"Mbukwenyi," akasema Keziya,
sauti imekauka, ila ni yake.
Akatutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu.
Akautazama mteremko, nyayo za kuku,
akainua macho hadi mlangoni, akayashusha chini,
pale ambapo palikuwa na kitu.

"Nani kavunja kizingiti changu?"
Kimya.
"Na mvua ikija?"

Wote wakanigeukia.
"Bado," nikasema.
Akanitazama muda mrefu.