Gogo la Dukani

Reino, usinicheke.
Nimenunua moto dukani,
umefungwa karatasi kama mkate,
dola sita na senti, risiti ninayo mfukoni.

Kibao langoni kimekataza kuni za kutoka mbali:
kuna mbawakawa wa kijani, hazidi punje ya mchele,
husafiri ndani ya gome kama abiria asiye na tiketi,
na akishuka, kilima kizima hubaki mifupa.
Basi zile kuni zako, ulizozipanga ubavuni mwa banda
kwa mkono wenye vidole vitatu,
nimeziacha nyumbani. Zilinikodolea macho nilipowasha gari.

Ni Oktoba. Ziwa Superior linapekua kokoto
kama mtu anayetafuta funguo gizani.
Baridi hii unaijua, haibishi hodi,
huingilia kwenye meno ya zipu ya hema
ikaja kujilaza kwenye magoti yangu.
Mjukuu wako Eero amevaa soksi mbili mbili
na ile kofia yako ya sufu. Inamfika puani.

Nikasoma maelezo kwa tochi, miwani imejaa ukungu:
"Washa karatasi ncha zote mbili.
Usilichokoe. Usipikie juu yake.
Huwaka kwa saa tatu."
Saa tatu! Tangu lini moto ukatoa miadi,
kama fundi bomba?

Kiberiti kimoja tu, ukashika.
Wewe uliyekuwa ukipuliza mpaka machozi,
magoti matopeni, ukiutukana kwa Kifini!
Mwali ukapanda wa manjano, laini, wenye adabu,
haukutema cheche, haukualika.
Moto bubu, Reino.
Nikanyoosha viganja: joto lipo,
ila ni la kupimiwa, kama chumvi ya mgonjwa,
na harufu yake ni ya mshumaa uliozimwa kanisani.
Soseji zetu tukazila baridi.

"Bibi, limetengenezwa kwa nini?"
Kwa nta, nikamwambia, na vumbi la mbao.
"Vumbi la mti gani?"
Hapo nikakwama.
La msonobari, la mwaloni, la mlango wa mtu,
la kitanda ambacho hakijalaliwa;
yote yaliyoanguka chini ya msumeno, yakafagiwa jioni,
yakakandamizwa, yakaambiwa: kuweni gogo tena.

Nikaikumbuka ile Jumanne ya kiwandani,
uliporudi mkono umeviringwa taulo,
nikauliza viko wapi, ukasema, "Vimefagiwa."
Ukacheka.
Mimi sikucheka miaka kumi.

Sikumwambia mtoto. Nilisogeza tu kiti
karibu zaidi na gogo.

Kisha nikageuka kuchukua blanketi, naye akalichokoa.
Damu yako hiyo, haisomi maelezo.
Gogo likapasuka vipande vitatu, mwali ukaruka hadi kiunoni,
na kwa kitambo kidogo tukawa na moto hasa,
moto wa kumrudisha mtu nyuma hatua mbili.
Nikavua glavu. Nikasahau kumgombeza.
Zile saa tatu zikaisha kwa dakika arobaini.

Giza likarudi na jamaa zake wote.
Tukajibana kwenye mfuko mmoja wa kulalia, zipu ikagoma,
nyayo zake za barafu kwenye mashavu ya miguu yangu,
pale pale ulipokuwa ukiweka zako
bila kuomba ruhusa.

Moto huzaa majivu, husemwa.
Asubuhi niliyatafuta: kiganja kimoja tu,
mepesi, hayana hata kaa la kuchorea jiwe.
Eero akayapuliza, yakanirukia nywele,
nikaachwa hivyo hivyo nikichemsha kahawa kwa gesi.

Liko gogo jingine kwenye gari.
Leo usiku nitamwachia yeye kiberiti.
Na kijiti.