Ukuta

Miaka thelathini na moja Jumber ameinamia tanuri,
kifua ukingoni, kichwa ndani ya joto,
mkono ukibandika unga kwenye ukuta wa udongo.
Nusu ya Kutaisi imekula mikate ya kifua hicho.

Uvimbe ulipoota chini ya chuchu ya kulia
alisema, "Ni ukingo huu, umenigonga."
Ulikuwa kokwa la pichi. Kisha yai.
Haukuuma, na kisichouma hatukukihesabu.
Zabibu zikavunwa, makomamanga yakapasuka,
shati likaanza kukataa kifungo cha tatu.

Asiyeziba ufa.

Daktari Lamara hakupamba maneno.
Alichora nyuma ya risiti yetu ya unga:
mbavu tatu, ya nne hadi ya sita,
na nyama nzima kuzunguka, pana kama vidole viwili.
"Huyu hang'olewi kama gugu," alisema.
"Anaondoka na shamba lake."
"Na tundu litakalobaki?"
"Tutajenga."

Saa saba kwenye benchi la buluu.
Theluji ikayeyuka viatuni mwangu, ikakauka.
Muuguzi alinisimulia baadaye, kwa sauti ya chini,
kwamba pafu lake lilionekana wazi chini ya taa,
likiumuka na kunywea,
likiumuka,
kama donge lisilojua limefunuliwa.
Kisha wavu. Kisha saruji ya mifupa,
ambayo hupata moto inapoganda
(hapo nilitabasamu: hata humo, moto).
Vyuma vya titani. Halafu msuli wa mgongoni
ukageuzwa na mshipa wake, ukaletwa mbele,
kama unavyomvutia mtoto blanketi bila kumwamsha.

Wiki ya pili karatasi ikarudi: kingo zote safi.
Neno hilo nimelitumia kwa sahani maisha yangu yote.
Nililisoma mara nne.
Daktari akaongeza, "Tutapima tena Juni,"
nami nikaikunja Juni mfukoni pamoja na risiti.

Sasa ni mimi ninayeinama.
Jumber ameketi kitini, mto kifuani, akiamuru:
"Chini zaidi! Bandika, usipapase!"
Mkate wangu wa kwanza ukang'oka, ukaangukia majivu.
Akacheka, akaukumbatia mto, akakunja uso.
"Usinichekeshe, Mzia,
ukuta wangu haujakauka."