Jiwe Lina Kiu

Denizli, Jumapili. Nurhayat amepiga magoti
kwenye sakafu ya bafu, tone la maji ncha ya kidole.
Analiangusha juu ya jiwe, anahesabu.
Likibaki duara kama jicho la samaki, jiwe limeshiba.
Likizama likaacha weusi,
jiwe lina kiu, nalo halichagui kinywaji:
rangi ya nywele, mafuta ya zeituni, povu la jana.

Leo limezama kabla ya tano.

Mama mkwe alisugua kwa siki miaka kumi na mmoja.
"Siki husafisha," alisema, na nani angembishia?
Siki haikusafisha. Ilitafuna.
Chini ya beseni mng'ao umekufa,
pamebaki ukungu wa duara, mpana kama sahani,
pale mkono wake ulipopenda kuzunguka.

Basi sabuni isiyo kali, maji ya vuguvugu,
kitambaa laini, halafu siku nzima ya kungoja pakauke.
Fikret akaoge kwa dada yake,
anung'unike hukohuko.
Kisha dawa ya kuziba, nyembamba, kwa brashi;
dakika kumi, na kufuta ziada
kabla haijaganda kama ute wa konokono.

Ule ukungu hautoki. Anajua.
Anaupaka dawa nao,
na mkono, bila kuulizwa,
unafuata mzunguko uleule wa marehemu.

Dirisha wazi. Harufu inatoka polepole.
Kesho ataangusha tone jingine.