Zimwi Linalotujua

Miaka minne tulibandika karatasi nguzoni,
gundi ikiganda vidoleni kwa baridi ya Thesaloniki:
"Programu huria. Alhamisi. Njoo na kompyuta yako mbovu."
Walikuja watu saba. Wawili walifuata hita.

Kisha Stratis, usiku, bila kumwambia mtu,
akatufungulia akaunti kwenye jukwaa lile
lenye mlango wa kuingilia, wa kutokea halina,
akakubali masharti ya kurasa arobaini kwa kidole kimoja,
akaweka picha yetu tumeshika bisibisi kama mishumaa.

Evanthia hakupiga kelele.
Alikunja waya zake taratibu, kama akunjaye nguo za marehemu.
"Huwezi kuhubiri Kwaresima," alisema,
"umesimama juu ya meza ya mwenye bucha."
"Na walaji nyama," Stratis akamjibu, "utawakuta wapi?"

Nami nikanyamaza, mimi mwenye kauli kwa kila jambo.
Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Lakini hili linanijua mno:
linajua saa ninayolala, na usiku nisiolala,
lilijua goti la mama linauma kabla hajaniambia,
likaniletea tangazo la dawa ya kuchua.
Ni kweli, halinimalizi.
Linanibakiza kidogo
ili kesho lipate cha kula.

Alhamisi wakaja kumi na tisa.
Viti havikutosha; mmoja alikalia kasha la printa.
Bi Polixeni, fundi cherehani mstaafu,
alileta laptopu yake ndani ya foronya,
akatusikiliza tukieleza habari za msimbo ulio wazi,
kwamba chombo usichoweza kukifungua si chako,
akaitikia kwa kichwa: cherehani yake
ameifungua mwenyewe miaka hamsini.
Halafu akauliza,
"Kama nyumba ile ni mbaya hivyo,
mbona mliniita mkiwa ndani yake?"

Hita ilivuma. Stratis akakohoa.
Na Evanthia, aliyekuja kuchukua koleo lake tu,
alicheka hadi akashika meza,
akavuta kiti, akatoa skrubu ya kwanza.

Jibu sina, Bi Polixeni, hadi leo.
Nilikuwa nautazama mfumo mpya ukijipakia,
mstari baada ya mstari, na kila mstari unasomeka,
simu ikatetemeka mfukoni mwangu:
watu kumi na tisa wako karibu nawe.
Je, unawafahamu?